Hollis Prater na Chuo Kisichotoa A

Katika bonde letu la Kentucky mashariki kila mtu ana jambo linalomtambulisha. Huyu anajulikana kwa ulevi, yule kwa mbwa wake wa kuwinda, mwingine kwa kuwa aliwahi kumtukana hakimu mahakamani na akashinda kesi. Hollis Prater alijulikana kwa A. Tangu darasa la kwanza hakuleta nyumbani kitu kingine, na mama yake, Verlene, alizibandika A hizo mlangoni pa friji mpaka rangi ya friji ikasahaulika. Mgeni akiomba maji baridi kwa akina Prater, ilimbidi kwanza asome matokeo ya hesabu ya darasa la tano, huku Verlene amesimama pembeni akingoja kusikia sifa. Sifa zilitolewa, maana watu walikuwa na kiu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema huyu alikuwa bado ana meno ya utoto.

Alipokua, ugonjwa ukakomaa. Hollis hakuweza kuona kitu asikipe alama. Mahubiri ya mchungaji aliyapa B. Mchuzi wa shangazi yake aliupa C, kwa sababu ya madonge. Akapata mchumba, Tamra, binti mcheshi wa mwenye duka la mbolea, ambaye jioni moja alimpikia maharage na mkate wa mahindi, akamuuliza kama amependa. Hollis aliweka kijiko chini, akafikiri kwa dhati kama jaji. "B," akasema. "Lakini B ya juu." Tamra alifunika sufuria yake, akaondoka nayo, na mwaka uliofuata akaolewa na fundi bomba anayekula chochote.

Kilichobaki ni udaktari. Aliomba vyuo vikubwa vya mijini mara mbili, na mara mbili vikamkataa vyote. Alama zake zilimfungulia mlango wa usaili, mdomo wake ukaufunga. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, bado analala katika chumba chake cha utotoni, na Verlene alikwisha kuwatangazia watu habari za "mwanangu daktari" mara mbili zaidi ya ilivyopaswa. Mwaka huu wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mjomba wake alimwekea nafasi katika ofisi yake ya bima, na Hollis alikuwa ameapa mbele ya familia kwamba akikosa tena, ataichukua na hatataja udaktari mpaka kufa.

Ndipo alipovikumbuka vyuo vya osteopathia, ambavyo miaka yote alikuwa akiviita vya wakanda migongo. Wanaotoka huko ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua matumbo kama wengine, ila wao hufundishwa pia kuusikiliza na kuunyoosha mwili kwa mikono. Huku milimani nusu ya madaktari wetu ni hao. Wasingekuwapo, tungekuwa tunatibiana kwa pombe ya gongo. Hollis aliliona hilo kwa mara ya kwanza siku alipoishiwa na vyuo vingine.

Vyuo hivyo hupenda mwombaji awe amefuatana na daktari wao kazini. Kwa hiyo Hollis akaenda kwa Daktari Imogene Slone, mwanamke mzee mwenye mikono mipana, aliyeinyoosha migongo ya wachimba makaa wa bonde zima. Alimfuata majira yote ya vuli, na kati ya mgonjwa na mgonjwa alimchosha kwa hadithi moja tu: namna kila chuo kinavyotoa alama. Kimoja kinatoa herufi. Kimoja kinatoa asilimia na kupanga wanafunzi wa kwanza hadi wa mwisho. Na kimoja, kile cha hapa milimani, miaka miwili ya mwanzo hakitoi chochote ila kufaulu au kufeli.

"Huo si wizi, Daktari?" alisema Hollis. "Mwenye tisini na tisa na mwenye sabini wote wanaitwa wamefaulu."

"Nani kaibiwa hapo?"

"Mwenye tisini na tisa."

"Kaibiwa nini, mwanangu?"

Hollis alitafuta neno. "Tofauti yake."

Daktari Slone alicheka mpaka akavua miwani. "Hebu nikuulize. Vyuo vingapi vimekuita kwenye usaili?"

"Kimoja."

"Kipi?"

"Hichohicho."

"Mlango mmoja umekufungukia duniani, na wewe unalalamikia rangi ya kitasa!"

Mchagua jembe si mkulima, na huyu alikuwa anachagua jembe hali hajapewa shamba. Daktari Slone, ambaye alikuwa na subira kuliko msimulizi wa habari hizi, alijaribu kumweleza. "Mimi nilisoma chuo cha herufi," akasema. "Mwenzetu mmoja alikuwa anararua kurasa kwenye vitabu vya maktaba, wengine wasije wakasoma alichosoma yeye. Leo ni daktari mkubwa. Mgonjwa wangu simpeleki kwake hata akifa mlangoni pake."

Hollis alitikisa kichwa kwa mshangao. "Alimaliza wa ngapi?"

Mtu mwingine angemfukuza papo hapo. Yeye alimwandikia barua ya kumpendekeza, kwa sababu bonde lina njaa ya madaktari na kichwa cha yule kijana kilikuwa chepesi kweli. Ukimwonyesha jambo leo, kesho analijua. Alitumaini kwamba mengine yangekuja na umri, na matumaini ya namna hiyo ndiyo yanayowachosha watu wema.

Siku ya usaili ilikuwa ya baridi kali. Waombaji walikuwa sita, wote katika suti nyeusi kama waliokuja kumzika mtu mmoja. Swali la kwanza ni lilelile kila mwaka: kwa nini osteopathia? Kila mwombaji, kwa muujiza, alikuwa na bibi mwenye mgongo mbovu. Bibi huyu alikuwa hawezi kuinama, bibi yule hawezi kulala, mpaka mikono ya daktari wa osteopathia ilipowagusa. Ukiwasikiliza, ungedhani mabibi wote wa Marekani hupinda ili wajukuu wapate la kusema. Bibi yake Hollis, marehemu Orpha, hakuwahi kuguswa na daktari wa aina yoyote. Aliamini kafuri na Zaburi. Lakini siku hiyo, mdomoni mwa mjukuu wake, aliponywa, akatembea mwenyewe mpaka kanisani, na mjukuu akadondosha chozi. Alipotoka chumbani alijipa A, akaondoa kidogo kwa ajili ya sauti iliyokwama.

Kisha ikaja saa ya chakula. Waombaji walikaa na wanafunzi wa mwaka wa pili, wakaletewa mikate ya nyama ya nguruwe, kachumbari ya kabichi na chai baridi yenye sukari. Hapo ndipo wajanja wa aina ya Hollis hunaswa. Hakuna msaili mezani, tai zinalegezwa, kila mtu anaambiwa ajisikie nyumbani. Wageni wakishaondoka, wanafunzi huulizwa kuhusu kila mmoja: ungependa kusoma na huyu? Ndiyo au hapana, basi. Yeyote mwenye jicho hata moja angelijua hilo. Hollis alidhani ni chakula.

"Hebu niambie ukweli, dada," alimwambia msichana aliyekaa mbele yake, Leanna Tackett, mtoto wa dereva wa lori kutoka bonde la jirani. "Hii kufaulu na kufeli ni ya kweli, au nyuma ya pazia kuna orodha?"

"Miaka miwili hii hakuna orodha. Ukifika wodini, mwaka wa tatu, alama zinarudi."

"Na kabla ya hapo mtu bora anajionyeshaje?"

"Bora kuliko nani?"

"Kuliko wale wengine. Wanaopita kwa kubahatisha."

Leanna akauweka mkate wake sahanini. "Mimi nilifeli anatomia mara ya kwanza," akasema. "Hawa wanne unaowaona walikaa nami kila jioni mpaka nikafaulu mtihani wa marudio."

"Pole sana," alisema Hollis, na kwa kweli alisema kwa upole. "Lakini wao walipoteza muda wao. Jioni zile wangejisomea."

"Jamani, msogeeni mbali mheshimiwa," alisema kijana mmoja wa upande wa pili. "Ujinga wetu usije ukamwambukiza."

Wote wakacheka. Hollis akacheka nao, tena kwa sauti zaidi, akidhani amependwa.

Baada ya chakula wakapelekwa maabara, chumba kirefu chenye vitanda vya ngozi, ambapo wanafunzi hulala kwa kaptura na kufanyiana mazoezi, leo wewe daktari, kesho wewe mgonjwa. Kila mgeni alipewa mgongo aupapase. Hollis alipewa wa Leanna, na hapo lazima aheshimiwe kidogo: mikono yake ilipakuta palipokaza haraka kuliko wageni wote. "Hapa, chini ya bega la kulia," akasema, akamgeukia mwalimu. "Ni sawa?"

"Mwenye mgongo niko huku chini," alisema Leanna, uso wake umezama kitandani.

Watu wakacheka tena. Hollis hakumwangalia. Aliendelea kumtazama mwalimu, akingoja jibu.

Mwezi wa nne simu ikaja, mwanamke wa ofisi ya chuo. "Umewekwa kwenye orodha ya akiba, Bwana Prater. Nafasi ikipatikana tutakujulisha."

"Ahsante, mama. Mimi ni wa ngapi?"

"Orodha yetu haina namba."

"Lazima iwe na namba. Isiyo na namba si orodha."

"Nafasi ikitokea, kamati inakaa upya na kuangalia nani anafaa."

"Kwa kukisia tu, mama. Juu, katikati au chini?"

"Siku njema, Bwana Prater."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hollis alikaa ndani ya gari lake nyuma ya ofisi ya mjomba, akaitazama ile meza ya bima kupitia dirishani, kopo la kalamu na kalenda yenye picha ya bata, akalia. Tusimcheke kwa hilo. Aliogopa, na alichokuwa akikiogopa kilikuwa karibu. Lakini hata katika kilio hicho hakujiuliza alikosea wapi. Alijiuliza yuko nafasi ya ngapi.

Mama yake hakuweza kuishi na mtoto asiye na namba. Kanisa lilipofanya karamu ya kiangazi, kila nyumba imeleta sahani yake, Verlene alikuwa amekwisha kupita meza zote. Hollis alipofika penye kuku wa kukaanga, mhudumu, Dada Opaline, akampigia kelele za furaha.

"Nasikia wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yao! Mama yako katuambia. Kweli?"

Foleni nzima ikageuka kumwangalia. Ilikuwa rahisi kusema hapana, au kucheka tu na kuomba paja la kuku. Hollis aliinua kidevu. "Kweli, Dada. Wa kwanza. Wamenihakikishia wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mtu aliyekuwa nyuma yake hakupiga, kwa sababu alikuwa ameshika sahani kwa mikono yote miwili. Alikuwa Daktari Slone. Akamvuta Hollis pembeni, karibu na birika la kahawa.

"Wa kwanza, eh?"

"Ni Mama aliyeanza, Daktari."

"Mama yako ameanza, wewe umemalizia." Aliweka sahani chini. "Sikiliza. Nafasi moja imepatikana. Mkuu wa usaili nilisoma naye, alinipigia Ijumaa. Wanafunzi wake walikukataa wote, lakini mwalimu wa maabara amekusifia mikono, na kamati imegawanyika. Hakuniuliza alama zako, anazo. Ameniuliza kama nikikuachia mgonjwa wangu utamwona mgonjwa, au utajiona wewe. Unafaa au hufai, anataka neno moja. Nimemwambia anipe mpaka Jumatatu, nikutazame tena."

Kila alichokitaka Hollis tangu utotoni kilikuwa pale kando ya birika, mikononi mwa mwanamke aliyempenda kiasi cha kumvumilia. "Nimekosea" ingetosha. Angeweza hata kunyamaza, na kunyamaza nako kungetosha, maana yule mzee alikuwa anatafuta sababu ya kusema ndiyo; magoti yake yalikuwa yanakwisha, na hakuwa na wa kumrithisha zahanati.

Hollis alilamba midomo. "Wameulizia habari zangu peke yangu," akasema, "au kuna wengine wanaolinganishwa nami?"

Daktari Slone aliumia moyoni, na hakuficha. Akachukua sahani yake.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kuku anapoa."

Jumatatu asubuhi, kabla hajavaa koti lake jeupe, Daktari Slone alipiga simu chuoni, akasema hafai, kisha akafungua mlango na kumwita mgonjwa aliyekuwa akingoja.