Miaka Minane Aliyokatiwa Numbi

Kwetu Lubumbashi, enzi zile, mcheza mpira alikuwa na umri wa aina mbili: ule aliozaliwa nao na ule wa uwanjani. Wa kwanza aliujua mama yake. Wa pili aliupanga wakala. Anayetaka kumwita Numbi tapeli na amwite, lakini kwanza anionyeshe beki mmoja wa wakati ule aliyevuka kuja Ulaya na miaka yake yote.

Numbi alikuwa na ishirini na tisa Wabelgiji walipomtaka, nao walitaka kijana. Wakala akamkatia miaka minane. Akashuka uwanja wa ndege akiwa na ishirini na mmoja, upara umeshaanza. Alicheza beki wa kati katika timu ya daraja la pili. Mbio hakuwa nazo, ila alijua mpira utaangukia wapi kabla mpigaji mwenyewe hajajua, na kocha akawa anajisifu kwamba amepata mtoto mwenye akili za mzee. Tulicheka sana siku hizo.

Goti la kulia lilipokatika, karatasi zilisema ana thelathini na miwili. Gazeti la mtaani likamsikitikia kijana aliyeumia mapema. Alikuwa na arobaini.

Mpira ukaishia hapo, lakini umri wa uwanjani ukakataa kubaki uwanjani. Ulimfuata kwenye ndoa yake na Lucienne, kwenye uraia, kwenye vyeti vya watoto. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Numbi imekuwa ndefu, na anaitembea na goti bovu.

Leo ana sitini na tisa. Kwa serikali ana sitini na mmoja, kwa hiyo pensheni bado iko mbali. Alfajiri anapanda basi kutoka Evere, pembeni mwa Brussels, kwenda mtaa wa Umoja wa Ulaya, kusafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika. Mwaka jana alimwomba daktari wa kazi apumzishwe. Daktari akaangalia picha za goti, akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akasema kwa umri huo kazi nyepesi ataiweza. Basi wakamtoa kwenye mashine ya kusugua sakafu, wakampa ngazi za jengo, awe anafuta vyuma vya kushikilia kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu. Eti hiyo ndiyo nyepesi! Nikikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Lucienne alimvuta hadi kwa Tatiana, wakili, binti wa watu wa Likasi kule kwetu, ambaye ofisi yake iko juu ya saluni karibu na maduka ya Galerie d'Ixelles.

"Maître, miye niko na soixante-neuf ans, sitini na tisa," Numbi akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. "Ya kweli kabisa. Padri alinibatiza, kitabu ya kanisa inaweza kuhakikisha. Donc, nitaenda kubaambia ukweli, banipe pension yangu, nipumuzike."

Tatiana akamjibu kama binti anavyomjibu mjomba wake. "Tonton, kanisani ukweli iko muzuri. Huku ukisema date ya kuzaliwa ilikuwa ya uongo, batauliza na nationalité, uraia yako, ulipata namna gani. Banaweza kukunyanganya. Na ya batoto inasimama juu ya yako."

"Batoto balikosa nini?"

"Hakuna kitu, tonton. Njo maana minakuambia unyamaze."

Lucienne alilia palepale. Numbi alivaa kofia, akashukuru, akateremka ngazi akishika ukuta. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yalimwagwa na wakala aliyekufa zamani, na anayelowa ni mwingine.

Sasa mdogo wake, Ghislain. Huyu alizaliwa nyuma ya Numbi, tumbo moja, na maisha yake yote amemwita Yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu. Alikuja Brussels kusomea ufundi, na kwa kuwa fundi hahitaji kuwa kijana, alikuja na miaka yake kamili. Ametengeneza mabasi hadi mwezi uliopita, alipotimiza sitini na sita na kustaafu.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia, bukari, ugali wetu, na kuku tele. Kwetu hakuna anayegusa chakula mpaka mkubwa wa familia aseme neno, kwa hiyo Wakongo wote tukamgeukia Numbi. Lakini meza ya mbele walikaa Wabelgiji wa kazini kwa Ghislain, na wao wanajua mkubwa ni Ghislain. Numbi aliwatazama, akabaki kwenye kiti chake. Ghislain ikabidi ajifungulie mwenyewe sherehe yake, akiona aibu, na kaka yake akampigia makofi.

Baada ya kula, kamba ya kiatu cha Numbi ikafunguka. Akainama, goti likakataa. Akajaribu tena. Ghislain akaona, akapiga magoti na suti yake mpya, akaanza kuifunga.

Mama mmoja wa Kibelgiji akatabasamu. Akamwambia Numbi kwamba ana bahati kuwa na kaka mkubwa mwema namna hii. Na yeye je, zamu yake ya kupumzika lini?

"Bado, madame," Numbi akajibu kwa Kifaransa. "Mimi ningali kijana."

Ghislain hakuinua kichwa. "Yaya," akasema pale chini, machozi yakidondokea kiatu, "Yaya, unisamehe."

Numbi akamkandamiza bega kwa mkono, anyamaze, wageni wasije wakaona.