Ukoma Haufuati Wembe

Nakumbuka mlio wa bakora ya Jumbe ilipovunjikia gotini pangu. Alikuwa ameitumia kumfunua mwanangu Raheli nguo, kwa ncha, kama mtu anayegeuza nyoka kuhakikisha amekufa. Akayatazama magamba meupe ya viwikoni na magotini, akatema mate pembeni, akamwambia mtu wake, "Huyu naye. Mwezi ujao aondoke na wenzake." Kuondoka huko kulikuwa kupelekwa kule Wadachi walikoamuru wakoma wakae, mbali na ndugu zao. Raheli alikuwa na miaka sita. Nilimpokonya bakora, nikaivunja, nikamrudishia vipande vyote viwili kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Wewe mwanangu unayenisikiliza, usiniige. Kuvunja bakora ya Jumbe zama za Mdachi kulikuwa kujitakia mnyororo wa shingo. Lakini nilikuwa nimevumilia mwaka mzima, na uvumilivu nao una kina chake.

Mimi nilitoka Vugiri, milimani, nikasomeshwa na misheni mpaka darasa la mwisho waliloruhusu wasichana. Nikaolewa huku Handeni. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya reli, mbali kuelekea Moshi, nami nikabaki na mama yake. Raheli alipoanza kuota mabaka mekundu yenye magamba makavu, mama mkwe alimtenga kwenye chakula. Watoto wengine wakila pamoja chungu kimoja, wa kwangu anawekewa ugali kwenye kigae, nje, karibu na kuku. Watu wakaanza kunong'ona "ukoma". Husemwa kwamba lisemwalo lipo. Nakwambia mimi niliyeishi: mara nyingine lisemwalo halipo, ila wasemaji ni wengi.

Na mimi sikuwa bora kuliko wao. Kila nikimwogesha nilimsugua kwa gunzi la mahindi mpaka magamba yatoke na damu ifuate. Yakirudi, nasugua tena. Mwisho mama mkwe akasema, "Mama Raheli, hili si la maji. Mtoto achanjwe." Nikakubali. Mganga alimchanja chale mgongoni, mbili mbili, mistari mitatu, akapaka dawa yake. Mtoto alilia nami nikamshika mikono. Baada ya wiki mbili kila chale ilikuwa imeota gamba. Hapo hata mimi niliyesoma niliamini kwamba mwanangu ameoza.

Basi siku ile ya bakora nilimfunga Raheli mgongoni, mkubwa vile alivyokuwa, nikashika njia ya Korogwe. Tulitembea siku mbili. Nilisikia kwamba kwenye zahanati ya misheni kule yupo Mzee Yohana, mtu wa kupaka wagonjwa dawa, Mbondei mmoja aliyefanya kazi na madaktari wa kizungu mpaka akawazidi kwa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mweke hapa. Mjukuu wangu, fumba macho, usichungulie."

Akachukua unyoya wa kuku, akamgusa katikati ya baka. "Wapi?"

"Kiwiko."

"Na hapa?"

"Goti. Unanitekenya, babu."

Mzee akacheka. "Mwenye ukoma, penye baka lake mara nyingi hasikii kitu. Wewe unatekenyeka. Ungekuwa na ukoma ungenikatisha tamaa ya mzaha." Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mavuno. Ndipo akamgeuza mgongo, na kicheko chake kikakatika.

"Nani alimchanja?"

"Mganga."

"Nani alimshika?"

"Mimi."

"Umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Basi umesoma bure. Lete mkono." Akakivuta kidole changu akakipitisha juu ya magamba, mstari hadi mstari, mbili mbili, sawasawa na chale. "Ngozi hii ukiijeruhi, inakujibu. Palipokatwa panaota gamba jipya. Unapomsugua kwa nguvu, unapanda mbegu. Ukoma haufuati wembe, mama. Huu ni ugonjwa mwingine."

Nilikaa chini palepale. Mwaka mzima nilikuwa nikimlima mwanangu magamba kwa mikono yangu.

Akaniuliza, "Kwenu yupo mwenye hali hii?" Nikasema hayupo. Kisha nikamkumbuka baba yangu, asiyevua kofia hata akilala, ambaye asubuhi mama alikuwa akikung'uta mto wake nje ya nyumba. Nilidhani ni vumbi.

Mzee Yohana alinifundisha. Mtoto apakwe mafuta ya nazi magamba yalainike, aogeshwe kwa mkono mtupu, kisha apakwe dawa yake nyeusi iliyochanganywa na mafuta, inayonuka kama lami. Aote jua la asubuhi kidogo, asiungue. Na akaniambia kweli bila kuipamba: hautapona moja kwa moja, utatulia na kurudi, lakini hauambukizi. "Anaweza kulala na nduguze, kula nao, kuolewa." Akaniandikia cheti.

Nikaandika barua ya mashitaka, nikaipeleka bomani Handeni siku ya mashauri. Karani akasema, "Mama, mwanamke huleta shauri kupitia mumewe."

"Mume wangu yuko kwenye reli yenu. Mleteni, au pokea."

Akapokea. Tulikaa barazani siku tatu. Jina la Raheli likafutwa katika orodha ya wakoma, na wale wengine sita walioandikwa wakapimwa. Wawili kati yao hawakuwa na ukoma hata chembe. Kwa ajili ya bakora nililimishwa shamba la Jumbe siku nne. Nililima.

Mwanangu, wewe unayevaa mikono mirefu jua kali, kwa kuwa umeota magamba na unaogopa jina: mficha maradhi, kifo humuumbua. Usikubali ugonjwa wako utajwe na asiyeugusa. Siku hizi wanauita soriasisi, na hospitali ya wilaya ina mjuzi wa ngozi. Asipokuwapo, watakwambia aliko, nenda. Usijikune, usijisugue, usichanjwe. Waulize wazee wenu walichokificha chini ya kofia. Na ukikutana na mwenye ukoma kweli, kula naye, maana naye ana mama. Mungu akulainishie ngozi na mioyo ya watu unaokaa nao, na usile mlo wako peke yako.

Barua yenyewe ninayo nakala yake. Niliandika hivi:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Handeni. Mimi, Mama Raheli, namshitaki Jumbe wa kijiji chetu. Ameliandika jina la mwanangu katika orodha ya wakoma, na hakuna mjuzi aliyemtazama. Mtoto amepimwa Korogwe, hana ukoma. Cheti kimo humu. Naomba jina lake lifutwe leo. Naomba na wale sita wengine wapimwe kabla ya kuondolewa makwao, kwa kuwa hawana wa kuwaandikia. Hii ni hati ya mkono wangu mwenyewe. Nangoja jibu hapa barazani; mtoto ninaye, na hatuondoki."