Rangi ya Jiko la Bibi wa Iyula

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka moja hapa Tunduma, nikingoja kupimiwa chumvi, alipoingia bibi mmoja kutoka Iyula. Alitaka rangi ya kupaka jiko la chuma lililoanza kushika kutu, linalotia joto chumba anacholala mjukuu wake mchanga. Akanyoosha kidole kwenye kopo la rangi ya kijani.

Dereva wa lori aliyesimama nyuma yangu akafunika kopo lile kwa kiganja.

"Hapana, mama. Hii ni ya milango. Ikipata moto itababuka na kutoa moshi mbaya, mtoto ataumia kifua. Chukua ile ya fedha, ndiyo tunayopaka bomba la moshi la lori. Sugua kutu kwanza. Na moto wa kwanza uwashe madirisha yakiwa wazi, mtoto akiwa nje."

Bibi akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama wanavyoshukuru kwao. "Asante, mwanangu."

Jumapili moja baadaye nilimkuta bibi yule kanisani, mtoto amelala mgongoni.

"Chumba kina joto, wala hakinuki," akaniambia. "Ukimwona yule dereva, mshukuru."

Sijamwona tena. Madereva huwa nawalalamikia kwenye safu hii kwa sababu ya vumbi wanalotutimulia. Huyu leo namwandikia asante.