Alama Mbovu, Mstari wa Kwanza

Penye chuo cha kugombaniwa hapakosi mtu wa kuchapa barua za maombi nje ya lango. Huyu tunayemsimulia aliitwa na wote Bi Chapa. Meza yake ilitazamana na lango la chuo cha wakunga, chini ya turubai la kijani alilogawana na fundi viatu. Printa yake haikufanya kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni, na kompyuta ilikuwa imeng'oka herufi Q, ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameona nani anarudi akicheka na nani harudi kabisa. Humo akaokota kanuni yake: alama mbovu huandikwa mstari wa kwanza.

"Iseme mwenyewe kabla hawajaisema," aliwaambia wateja. "Halafu waeleze umefanya nini tangu siku hiyo."

Hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijana aliyetaka uhandisi kwa hesabu za alama thelathini, Bi Chapa alimwambia machoni, "Mwanangu, huko hesabu ndiyo nyumba yenyewe. Karudie mtihani. Kwa wakunga ni kizingiti tu, na kizingiti huvukwa na anayeinua mguu."

Ikafika zamu ya kitindamimba wake. Msichana alikuwa amejitolea miaka miwili kwenye zahanati, akipima watoto uzito, na hakutaka kazi nyingine duniani zaidi ya ukunga. Biolojia alipata themanini na nane. Hesabu, arobaini na moja. Waombaji mia sita, nafasi arobaini.

"Mama, tusiitaje. Cheti kitasema chenyewe."

"Cheti hakina adabu, kitaropoka."

Fundi viatu alitoa msumari mdomoni. "Leo tutaona kama mganga anameza dawa yake."

"Shona soli hiyo, baba, nayo inakungoja!"

Akachapa. Vidole vilivyochapa maelfu ya barua za watoto wa wenzake vilifuta na kuanza upya kwa huyu mmoja. Akaisoma mara nne akiwinda makosa ya maneno, binti akatia sahihi, bahasha ikafungwa.

Siku ya usaili Bi Chapa hakuchapa kitu. Alikodolea lango macho hadi binti alipotoka, akavuka barabara na kuegemea meza, hoi kwa kicheko.

"Mama, uliandika nilipata ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Uliandika kumi na nne!"

Bi Chapa akashika kichwa. "Nimekuua, mwanangu."

"Subiri basi! Mwenyekiti, yule mama wa miwani, akaangalia barua, akaangalia cheti. Akaniambia, 'Nimeona watu wakijiongezea alama mpaka cheti chenyewe kikaona haya. Wa kujipunguzia ndiye wewe wa kwanza.' Nikamwambia mama ndiye aliyechapa, lakini nilitia sahihi bila kuhakiki, kwa hiyo kosa ni langu. Wakacheka. Halafu yeye akaacha kucheka. 'Kumi na nne badala ya arobaini na moja, ndani ya bomba la sindano, ni msiba. Utafanyaje?'"

"Ukasemaje?" aliuliza fundi viatu, kiatu cha watu kikining'inia mkononi.

"Nikasema mtihani ulitaka haraka, na mimi napata polepole. Napiga hesabu, naipiga tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, halafu namwomba mwenzangu aipige bila kuona yangu. Akanisogezea karatasi: mtoto wa kilo kumi na mbili, dawa kiasi fulani kwa kila kilo, ni mililita ngapi? Nikapata saba na nusu. Nikarudi nyuma, saba na nusu. Nikampa mwalimu wa pembeni. 'Samahani, mwalimu, naomba na wewe uipige.'"

"Hukumwambia hivyo!"

"Nilimwambia. Akapata nane na nusu! Akatoka jasho, akarudia, ikawa saba na nusu. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani."

Wiki mbili baadaye barua ilikuja. Amekubaliwa, kwa sharti la kuhudhuria darasa la ziada la hesabu muhula wote wa kwanza. Chini yake, kwa mwandiko wa mkono: *Aliyechapa barua naye anakaribishwa.*

Darasani Bi Chapa hakwenda. Lakini tangu siku hiyo hakuna barua inayotiwa bahasha chini ya turubai lile kabla fundi viatu hajafuta mikono na kusoma tarakimu zote kwa sauti, huku mwenye meza akifuatisha kwenye cheti.

"Hesabu, thelathini na tisa!" alitangaza juzi, barabara nzima ikasikia. Mteja, mtu mzima mwenye tai, akainama kama anayetafuta sarafu.

"Usijifiche, baba," Bi Chapa alimwambia, akiipiga printa kofi. "Ndiyo mstari wetu wa kwanza huo."