Nta ya Daktari wa Meno

Daktari wa meno hamgusi mtoto mpaka mzazi atangulie. Hulainisha nta kiganjani, akiimba chinichini, kisha humpa mzazi aume, mtoto asiogope. Siku hiyo baba mmoja aliyemleta binti yake aliuma kwa mbwembwe. Njia nzima alikuwa akiapa kwamba meno ya binti yake, ya chini kuyapita ya juu, yametoka ukweni. Binti naye akauma. Daktari akaviweka vipande viwili mezani, akavisogeza kwa kidole mpaka vikagusana. Alama za meno zilitofautiana ukubwa tu.

“Ana miaka saba, tumemuwahi,” daktari akasema.

Baba akajikuta anapapasa ndevu alizofuga miaka ishirini kuficha kidevu kilichotokeza. “Na mimi, daktari?”

“Wewe endelea kufuga.”