Muwa Ndani ya Kioo

Mama alikuwa ameamua kung'oa miwa yetu yote apande mahindi, na trekta ilikuwa ije kesho yake. Siku hiyo nilimpeleka kwenye makumbusho madogo ya biashara ya miwa, hapa Kakamega. Ndani ya kabati la kioo wameweka kipande cha muwa.

"Wee, kumbe hiki ni cha nchani!" Mama akacheka. "Wageni wanapewa chakula cha ng'ombe?"

Kwetu mgeni hukatiwa kipande cha shinani, kwa sababu utamu wa muwa hujikusanya chini. Mama akanigeukia. "Na wageni wetu wakija, nitawakatia nini?"

Jioni alimpigia simu mwenye trekta, akamwambia asiguse mistari miwili iliyo nyuma ya jikoni.