Kiingereza cha Mama Pini

Wote waliokuja kutupa pole wameniuliza swali moja: dada yangu, fundi wa barazani, alifikaje kushona melini? Nawajibu hapa, ninyi na wajukuu zake, kabla machozi hayajanisahaulisha kicheko chake.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pini kwa sababu alishona huku pini zikiwa midomoni. Mteja akiuliza bei, anajibiwa kwa mguno. Tulikuwa na chumba kimoja chenye cherehani mbili za miguu na dirisha linalotazama bandari. Kila meli ya abiria ilipoingia, cherehani yake ilinyamaza.

Siku moja meli mojawapo ikatangaza nafasi ya fundi wa mapazia, mashuka na sare za mabaharia. Kwa kuwa amri za melini hutolewa kwa Kiingereza, fundi angeulizwa maneno ya kushona na ya bahari, ayatamke na kuyaeleza.

"Mdogo wangu, wewe uliyefika sekondari, nifundishe," akaniambia. "Nimechoka kuwashonea wanaosafiri."

Tukaanza, kazi mkononi. Nikamwambia kushona huandikwa "sew" lakini hutamkwa "so". Mshono ni "seam", bahari ni "sea", na yote mawili yana "ii" ya kuvuta. Fundo ni "knot", ila k haitamkwi. Nanga ni "anchor", na h haisikiki.

"Sasa hiyo k wameiweka ya nini?"

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Aa, nimeelewa! Ni upindo. Umekunjwa ndani, hauonekani, lakini ukiukata nguo inafumuka."

Tangu hapo herufi za kujificha hazikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni "thread", yaani uzi, maana ulimi ukichungulia kati ya meno unachomwa.

"Si uzitoe hizo pini?"

"Nikizitoa, gauni la mtu litapinda. Endelea, mwalimu, acha kelele."

Tukifunga kazi tulikuwa tunamwomba Mungu amfungulie kinywa.

Siku ya mtihani, ofisa wa meli, mama mmoja mwenye miwani, alitukaribisha sote wawili ofisini kwake. Akainua kibunda cha uzi. "Hiki kinaitwaje kwa Kiingereza?"

Dada akafungua mdomo. Kimya. Akaonyeshwa mshono wa shuka. Kimya. Akaonyeshwa picha ya nanga, akaikodolea macho tu. Nami nasali kimoyomoyo: Ee Mungu, neno moja tu.

Mara akachomoa pini mbili kwenye ukosi wa gauni lake, akazibana midomoni.

"Mama, unafanya nini?" ofisa akashtuka.

"Samahani, bosi. Kiingereza changu nilijifunza hivi. Bila pini hakitoki."

Na kikatoka! Uzi, mshono, fundo, nanga, kila neno kwa matamshi yake na maana yake. Nanga aliieleza kwa vitendo, nusura aangushe kiti. Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaza uso.

"Lakini bahari ikichafuka utazimeza hizi. Melini hatuweki pini mdomoni. Zitoe tuanze upya, la sivyo siwezi kukuchukua."

Dada akanigeukia, amenywea. Nikamnong'oneza, "Msahau ofisa. Jifanye unanigombeza."

Akazitema pini kiganjani, akashika kiuno. "Wewe! Sikukwambia 'needle' ni sindano? 'Thread' ni uzi! 'Sew' ni kushona, na ukiniletea 'syu' tena nakuchapa na futi! Hiyo 'knot' ni fundo, iache k yake ilale!"

"Basi, basi, amepita!" ofisa akainua mikono. "Asije akampiga mwenzake humu ofisini."

Wiki ileile akapanda ngazi ya meli na sanduku lake. Nikiwa nimesimama gatini ndipo iliponijia: kumbe muda wote ule nilikuwa namfundisha kuniacha. Nikalia kama mtoto. Naye kule juu akawatangazia abiria, "Yule anayelia ni mwalimu wangu wa Kiingereza!" Sitaha nzima ikanipungia mikono, nami nikaangua kicheko na machozi yangu shavuni.

Sasa Mungu amemwita, na mimi niko vilevile kama siku ile gatini.